Siku Niliyomficha Bibi Theluji

Enzi zetu siye tuliokulia London, baridi ilikuwa ikikaa na sisi ndani ya nyumba. Tulikuwa tunaishi mtaa wa nyuma ya Edgware Road, katika flati ya chini ya ardhi, vyumba viwili na jiko, na madirisha yake yakiganda kwa ndani. Asubuhi nikiamka nakuta kioo kimeota majani meupe ya barafu, na kabla sijatoka kitandani naandika jina langu juu yake kwa ukucha. Nguo za skuli nikizivalia humohumo ndani ya blanketi, najinyonganyonga mpaka vifungo vinakaa mshazari. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Mnakumbuka na ile harufu ya hita ya mafuta ya taa, iliyokuwa ikiingia mpaka kwenye nywele, mwalimu akikunja pua kila ukimpita karibu.

Tulicheza mdako kwenye ngazi za jengo, kwa vijiwe tulivyookota bustanini, na nage kwenye korido kwa mpira wa soksi, mimi na watoto wa Kimoroko wa ghorofa ya kwanza. Kila mmoja alihesabu kwa lugha ya kwao na hatukuwahi kugombana juu ya hesabu. Skuli tukipewa viazi vilivyopondwa na uji mtamu wa rangi ya manjano wenye ngozi juu. Nikirudi nyumbani naikuta harufu ya papa mkavu aliyekuja kwenye sanduku la mtu kutoka Unguja, na mama mmoja wa ghorofa ya pili amekwisha kufungua madirisha yote kwa kudhani bomba la maji machafu limepasuka.

Leo mwanangu Idrisa anatembea nyumbani na fulana ya mikono mifupi katikati ya Januari, hita zimewaka kila chumba, halafu anatazama simu kujua kama nje kuna baridi. Dirisha liko mbele yake. Nikimwambia afungue pazia aone mwenyewe, ananijibu kwa Kiingereza kwamba simu inajua zaidi.

Kwetu sisi, aliyejua alikuwa bwana wa ramani. Ndivyo Bibi, mama yake mama yangu, alivyomwita yule mtu aliyekuwa akitokea kwenye televisheni kila jioni baada ya habari, amevaa suti, amesimama mbele ya ramani ya nchi nzima, akionyesha wapi kuna mvua na wapi kuna jua. Bibi hakujua Kiingereza. Alifika London akiwa mtu mzima, miaka kadhaa baada ya mapinduzi kule Unguja, na lugha ya watu hawa haikumwingia wala yeye hakuibembeleza. Lakini bwana wa ramani alikuwa hamkosi. Anakaa kwenye kiti chake, kanga kiunoni, juu koti la zamani la Baba, miguuni soksi mbili na makubadhi, na bwana yule akisema habari za jioni, Bibi anamwitikia.

Kisha ananigeukia mimi. "Anasemaje, Zuwena?"

Nilikuwa na miaka kumi, na kufasiri hali ya hewa ilikuwa kazi yangu. Baba alijua Kiingereza lakini alikuwa dereva wa basi. Anarudi tumelala na kuondoka hatujaamka. Mama alikuwa akisafisha maofisi, na Kiingereza chake kilikuwa cha ndoo na ufagio, asubuhi njema na asante sana. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikisema kesho nguo zifuliwe au zisifuliwe, Bibi aende sokoni au asiende. Nisiwafiche, nilikuwa naringa. Hakuna mtoto wa miaka kumi aliyewahi kusikilizwa na watu wazima kama nilivyosikilizwa mimi kwa dakika zile tatu za kila jioni.

Sasa, mama mdogo wangu Nasra, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikuwa ameolewa upande wa Ilford. Wifi yake naye alikuwa anaolewa, na Jumamosi moja ya mwezi wa Januari tulialikwa kwenye hina yake. Mama alinishonea gauni la satini la kijani, lenye mikono ya kuvimba na mkanda wa kufungia nyuma. Lilitundikwa mlangoni kwa wiki mbili. Nikienda kulala nalitazama, nikiamka nalitazama. Skuli nzima ilikuwa na habari ya gauni lile na maua nitakayochorwa mikononi.

Ijumaa jioni bwana wa ramani alitokea, na safari hii hakucheka. Alianzia juu kabisa, kule kusikokuwa na nchi, akateremsha mkono polepole mpaka ukatufunika sote. Alisema baridi inatoka Ncha ya Kaskazini, inakuja na upepo na theluji nzito, itafika London kesho baada ya adhuhuri. Treni huenda zikasimama. Mtu asitoke nyumbani isipokuwa kwa dharura. Nilielewa kila neno, na wakati akisema mimi nilikuwa nalitazama gauni.

"Anasemaje?" akauliza Bibi.

"Anasema kutakuwa na upepo kidogo," nikasema. "Halafu jua."

Bibi aliitazama televisheni, akanitazama mimi. "Jua?"

"Jua, Bibi."

"Haya," akasema, akajifunga kanga vizuri.

Asubuhi ya Jumamosi kulikuwa kimya kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Njiwa waliokuwa wakijaa ukingoni mwa dirisha hawakuwapo hata mmoja. Mbingu ilikuwa ya rangi ya manjano iliyochafuka, kama shuka lililokaa na mgonjwa, na imeshuka chini mpaka unahisi ukinyoosha mkono utaigusa. Tukiwa tunafunga mlango, yule mama wa ghorofa ya pili alishuka ngazi akamwambia Mama maneno mengi kwa haraka, akionyesha juu kwa kidole. Mama akatabasamu, akamjibu kwa Kiingereza chake, ndiyo, asante sana. Yule mama alibaki amesimama pale anatutazama tunavyokwenda. Mimi nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Treni ilikuwa karibu tupu. Ilikwenda, ikasimama, ikakaa, ikaenda tena. Kapu la Mama lililojaa visheti lilikuwa magotini mwake, na Bibi alikuwa kando ya dirisha, mikono imo ndani ya glavu za ngozi za Baba, zile za kazini, kubwa na ngumu, kwa sababu za kwake za sufu zilikuwa zimetoboka. Theluji ilianza tulipopita kituo cha tatu au cha nne, chembe mojamoja. Sauti ikatoka kwenye spika kwamba treni hii ndiyo ya mwisho, na za kurudi mjini zimesimamishwa.

"Wanasemaje?" Mama akaniuliza.

"Wanaomba radhi kwa kuchelewa."

Bado najisikia nikisema. Sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa, haikutetemeka.

Tulishuka kituo kimoja kabla ya Ilford, kama kawaida yetu, kwa sababu nyumba ya mama mdogo ilikuwa ng'ambo ya uwanja mkubwa wa nyasi, na kukatisha uwanja kwa miguu kulikuwa mwendo wa robo saa. Siku nyingine pale kuna watoto wanacheza mpira na watu wanatembeza mbwa. Siku ile hakukuwa na mtu. Saa tisa na nusu za mchana, na mwanga umeshaanza kuondoka. Milingoti ya magoli ilikuwa imesimama ndani ya weupe haina kazi. Kwa mbali ng'ambo tuliziona taa za nyumba, na Mama akasema tukaze mwendo, tutafika kabla ya giza.

Tulishikana mikono, Mama mbele, mimi katikati, Bibi nyuma. Theluji ilikuwa ikishuka wima, laini, na kwa muda kidogo nilifurahi. Kisha upepo ukaja. Ulikuja kama mlango mkubwa unaofunguliwa ghafla mahali fulani, na pale pale taa za ng'ambo zikazimika, milingoti ikapotea, na sikumwona Mama ingawa nilikuwa nimemshika. Kulikuwa na weupe juu, weupe chini, na weupe mdomoni nikifungua kusema. Vidole viliuma, halafu vikaacha kuuma, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nyuma yangu nilimsikia Bibi anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani anaita?"

"Hakuna mtu, Bibi," nikapiga kelele.

"Mbona naitwa?"

Mama akanivuta. Tuliendelea. Nilikaza mkono wangu wa nyuma kwenye mkono wa Bibi, nikahisi ugumu wa ile glavu ya ngozi, nikatulia. Sijui tulikwenda hatua ngapi. Mama aliposimama kupumua, niligeuka kumtazama Bibi. Nilikuwa nimeshika glavu tupu. Imeloa, imeganda, vidole vyake vimejikunja kwenye vidole vyangu vilevile kama ina mkono ndani yake, na nyuma ya glavu hapakuwa na mtu.

Mama hakulia. Aliita, "Mama," akaita tena, na upepo ukaichukua sauti kabla haijafika popote. Akanishika mabega, akanitazama usoni kwa muda, na sasa nikiwa mzazi najua alikuwa akipima nini. Angeweza kunikimbiza mimi kwenye nyumba kisha arudi. Badala yake alinifunga kiunoni kwa mtandio wake, ncha nyingine akajizungushia mkononi, tukarudi tulikotoka tukifuata nyayo zetu wenyewe, na upepo ukizifukia mbele ya macho yetu.

Tulipapata mahali zilipoachana. Nyayo za Bibi ninazijua, kwa sababu siku ile Mama alimlazimisha kuvaa buti za Baba, na alikuwa akiuburura mguu wa kushoto. Zilikuwa zimekata kulia, kuelekea kwenye uwanja wenyewe. Pembeni yake, bega kwa bega, zilikwenda nyayo nyingine. Ndogo, nyembamba, za mtu aliyekuwa akitembea bila haraka. Mama aliinama akazitazama. Kisha akasema, "Kuna mtu amemkuta," na akaanza kukimbia.

Tulimkuta karibu na kichaka cha miti. Hakuwa ameanguka wala hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama wima, uso ameuelekeza kwenye upepo, na ule mkono usio na glavu ameunyoosha kando kidogo, vidole vimekunjwa, kama mtu aliyemshika mtoto mkono anapotaka kuvuka barabara. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu. Na zile nyayo za pili zilifika hapo alipo, zikaishia hapo.

"Mama," Mama akamwambia, "unafanya nini hapa?"

"Namsubiri Maryam avae kiatu," akasema Bibi. "Kimemvuka."

Nilihisi mtandio umekaza kiunoni mwangu. Mama alikuwa ameuvuta bila kujua. Mimi jina hilo nililisikia mara mbili tatu tu maishani mwangu. Maryam alikuwa mdogo wake Bibi. Siku zile za mapinduzi alitoka nyumbani kwao Mjini kwa miguu, mchana, na hakurudi, na hakupatikana aliyemwona. Nyumbani kwetu habari zake hazikuzungumzwa.

Mama hakubishana naye. Alisema tu, "Twende, Mama, baridi," akamgeuza kuelekea alikodhani ndiko kwenye nyumba.

"Si huko," Bibi akasema. "Kasema tufuate huku."

Akatangulia. Nikaushika ule mkono wake mtupu, kwa sababu mwingine ulikuwa bado umo kwenye glavu, na mkono ule ulikuwa wa moto. Moto wa mkate uliotoka kwenye oveni. Ulikuwa umekaa wazi kwenye upepo ule kwa muda wote huo na ukawa unanichoma kiganja. Tulimfuata. Hazikupita dakika kumi tukagonga uzio wa nyumba ya kwanza. Siku ya pili mume wa mama mdogo alituonyesha, theluji ilipotulia, kwamba kule Mama alikotaka kutupeleka kulikuwa na bwawa, limeganda ukoko mwembamba na kufunikwa kama ardhi nyingine yoyote.

Mama mdogo Nasra alifungua mlango akatutazama kama watu waliotoka kaburini. Nyumba ilikuwa kimya. Hakukuwa na wageni, hakukuwa na hina. "Mmekujaje?" akasema. "Shughuli imeahirishwa. Jana walitangaza mtu asitoke nje. Nimepiga simu mchana, mmeshaondoka."

Mama alinitazama mimi, mara moja tu, kisha akaanza kumvua Bibi koti.

Yule wifi aliyekuwa aolewe aliniona nimesimama na gauni langu limeloa, limenigandia miguuni, akanionea huruma. Alichovya kijiti kwenye hina aliyokwisha kuikoroga, akanichora ua moja kiganjani. Nilikaa nimekunja ngumi jioni yote. Lilikolea vizuri, jekundu kabisa, na kwa wiki nzima skuli sikumwonyesha mtu.

Usiku ule homa ilimpanda Bibi, na asubuhi alipelekwa hospitali. Alikuwa ameshikwa na homa ya mapafu. Alilazwa karibu mwezi. Baba na Mama walikuwa wakipokezana kwenda, na mimi nilikaa nyumbani na siri yangu, nikisubiri mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza. Kila jioni bwana wa ramani alitokea, na kiti cha Bibi kitupu, na Mama akasimama mlangoni anamtazama yule bwana anavyofungua na kufunga mdomo.

Siku niliyopelekwa kumwona, Mama alitoka kwenda kuzungumza na muuguzi, tukabaki wawili. Bibi alikuwa amekonda, shingo imekuwa kama ya ndege. Akanipapasa kichwani.

"Bwana wa ramani alisemaje siku ile?" akaniuliza. "Sasa niambie kweli."

Nikamwambia. Nilisema yote, na ya kwenye treni pia. Nililia.

"Nilijua," akasema. "Mie sijui Kizungu lakini macho ninayo. Ramani yote aliipaka nyeupe."

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Nilitaka na wewe uvae gauni lako. Nikajiambia theluji nimeshaizoea, itatufanya nini." Alipumzika kidogo. "Sogea. Nitakwambia jambo, kwa sababu wewe utanifahamu. Siku zile za mapinduzi, Nasra alikuwa na miezi sita. Maziwa yangu yalikauka kwa hofu, na mtoto analia tangu alfajiri. Maryam, miaka kumi na tisa, alikuwa ndani, hataki kusogea karibu na mlango. Mie ndiye niliyekuwa dirishani. Akaniuliza, Dada, nje kukoje? Na mie nimeona. Nimewaona watu wenye silaha kwenye kona, nimeona na aliyelala chini. Lakini mtoto analia. Nikamwambia, kumetulia."

Mashine ya mgonjwa wa pili ilikuwa ikilia polepole.

"Akatafuta viatu vyake, akavaa, akachukua mkebe wa maziwa, akatoka. Mpaka leo."

Nilimwuliza kama kweli alimwona pale uwanjani. Bibi alinitazama kama niliyeuliza kitu cha kitoto.

"Alinishika mkono," akasema. "Wewe si umeushika baadaye? Ulikuwaje?"

"Ulikuwa wa moto."

"Basi." Kisha akanishika kidevu. "Nasra asijue. Atajiona yeye ndiye sababu, naye alikuwa mchanga. Lakini wewe kamwambie mama yako leo, kabla hujalala. Mie sikumwambia mtu, na unaona nilivyo."

Nilimwambia Mama kwenye basi, tukiwa ghorofani, kiti cha mbele. Hakunipiga, hakunifokea. Aliuchukua mkono wangu akaubana, akaubana mpaka mifupa ikauma, na hakuuachia mpaka tuliposhuka. Wiki iliyofuata alijiandikisha darasa la Kiingereza la jioni, na toka siku hiyo hakuniuliza tena bwana wa ramani anasema nini. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Bibi aliporudi nyumbani, Mama ndiye aliyekuwa akikaa naye, kamusi magotini, akifasiri anavyojua. Kwa Kizungu manyunyu na bafu la kuogea ni neno moja, na siku moja alimtangazia Bibi kwa uhakika kwamba kesho kutakuwa na mabafu yametapakaa mji mzima. Bibi akasema nchi hii bwana, haishi vituko. Mimi nilikuwa kwenye kona na madaftari yangu, najua, na sina ruhusa ya kusahihisha.

Bibi aliishi miaka minane baada ya hapo. Hakumtaja Maryam tena mbele yangu. Mimi nikasomea uuguzi, na nimefanya kazi ya wodini zaidi ya miaka ishirini. Najua mtu aliyezidiwa na baridi husikia sauti, huona watu, huvua nguo akidhani anaungua. Najua pia kwamba mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, na kwa mkono wa namna hiyo hata maji ya bomba huwa ya moto. Nyayo zile zingeweza kuwa za mtu yeyote aliyepita kabla. Nimejieleza hivyo mara nyingi, na maelezo yanatosha kabisa mchana.

Baridi iliyopita walitangaza tena theluji kutoka Ncha ya Kaskazini. Siku hizi hakuna bwana wala ramani. Simu ililia kama king'ora, ikaandika onyo jekundu, Idrisa akalifuta kwa kidole gumba na kuendelea na mchezo wake. Siku ya pili saa tisa za mchana Mama mdogo Nasra alinipigia. Bado anakaa nyumba ileile. Watoto wake wameondoka, amebaki na mjukuu.

"Usije leo, mwanangu," akasema. "Huku kumekuwa kweupe, siuoni hata uzio." Kisha akasema, "Yule mwanamke yuko tena."

"Mwanamke gani?"

"Sijakwambia? Ikianguka theluji ya namna hii, namwona kutoka dirisha la juu. Anakatisha uwanja, anakuja huku kwetu. Mwembamba, hana koti. Nilidhani ana mbwa, maana kuna kitu amekishika mkononi. Miaka yote hii, na sijawahi kumwona akifika."

Miaka yote hiyo na mimi nilikuwa nimekaa na neno la Bibi kama alivyoniachia.

"Funga pazia, mama mdogo," nikamwambia. "Kesho nakuja. Nina maneno yako."

Nilikwenda. Treni zilikuwa zikitembea, jua limetoka, theluji imebaki vipande vipande chini ya miti, na watoto wanaivingirisha huku wamesimamisha simu zao wajipige picha. Nilikaa jikoni kwa mama mdogo nikamweleza kama Bibi alivyonieleza, dirisha, mtoto anayelia, mkebe. Alisikiliza akitazama mikono yake. Nilitegemea angelia, au angeniuliza kwa nini nimengoja mpaka yeye amekuwa bibi. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa na umri gani?"

"Miaka kumi na tisa."

Juu yetu sakafu ililia. Faiza, mjukuu wake, ndiyo kwanza anaamka, na saa saba imeshapita.

"Kama huyu," akasema mama mdogo. "Kumi na tisa. Jana nimemwomba aende dukani hapo kona akaninunulie maziwa, akaniambia, Bibi, nje kuna baridi, agiza kwa simu wakuletee." Akacheka kidogo, na mimi nikacheka. Kisha akainuka, akaenda mpaka chini ya ngazi, akaita juu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Faiza, mwanangu. Usiende popote leo. Kaa ndani."

Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba hakuwa na mpango wa kwenda popote.